Ngano Iliyokataa Kuwa Chapati

Niliondoka Mogogosiek Jumamosi kwenda kuomba msamaha. Nilikuwa nimempelekea mama mkwe gunia la mbegu za ngano, nikajigamba kuwa chapati zake zitasifiwa Ndanai nzima. Akapanda, akavuna sehemu, akasaga, akapikia wageni wa kanisa. Chapati zikatoka ngumu kama soli ya kiatu. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, na mimi mama huyu nampenda.

Saa tatu nilifika Sotik kwa pikipiki yangu, nikamwonyesha muuza mbegu aliyeniuzia punje za ngano ile. Aliuma punje moja, akacheka.

"Hii ni durum, bwana. Ngano ya spageti! Kwani hukujua?"

Nilitaka kumfokea, lakini mimi ndiye niliyenunua bila kuuliza. Akanieleza jinsi ya kuipika, nikaandika kiganjani.

Saa tano nilikuwa Ndanai. Mama alinipa maziwa lala ya mursik, macho yake yakiwa kwingine.

"Baba Cherono, ile ngano yako iliniaibisha. Chabati inafunjika mbele ya pasta wa kanisa! Ile imebaki kwa shamba, Jumatatu trakta inageuza yote na udongo."

"Makosa ni yangu, Mama. Tujaribu unga uliobaki mara moja tu, halafu ugeuze."

Tatizo likawa jiko. Kwao, na hata kwetu watu wa ziwa, mkwe haingii jikoni mwa mama mkwe. Basi nikakaa nje kwenye kigoda, mgongo mlangoni, nikisoma kiganja kwa sauti.

"Maji kidogo, Mama!"

"Kidogo ngapi?"

"Kanda mpaka ikatae kidole. Sukuma nyembamba, ukate kama sukumawiki."

Nilipofika kwenye kuchemsha, jasho lilikuwa limefuta maneno yote. Nikakiri.

"Nyamaza sasa," akasema. "Kuchemsha hufundishi mimi."

Tulikula tambi za manjano kwa mboga za managu zilizotiwa maziwa. Alirudia sahani, kisha akacheka hadi akafuta machozi.

"Hii ngano ni kama wewe. Mwanangu Chebet akikuleta tulisema huyu mtu wa ziwa ni mgumu. Kumbe hatukujua kupika."

Nikamsogezea sahani yangu aniongezee.

Saa kumi nilianza kurudi, mfuko wa tambi mbichi ukining'inia kwenye usukani. Nimejifunza kuuliza jina la mbegu kabla ya kujigamba. Nilipokaribia Sotik simu ikalia, nikaegesha kando ya barabara. Alikuwa Mama.

"Trakta nimeambia isikuje," akasema. "Na wewe, umefika wapi?"