Kitambaa cha Kijani

Mtoto wa dada yangu, Wilhelmina, alikuwa anasomea udaktari Dar es Salaam. Likizo ya mwaka tisini na nne alirudi Mwanza na somo jipya: kuwahudumia majeruhi palepale walipoumia, kabla hawajafika hospitali. Alinimalizia mitumba yangu pale Mkuyuni akichana vitambaa vya kuwafunga majeruhi mkononi. Chekundu, huyu awahiwe. Cha njano, afuate. Cha kijani, huyu anaweza kusubiri. Nikamwambia, wewe binti, gauni zima la kijani umelichana, wateja wangu niwavalishe nini? Akacheka tu.

Siku ya mnada tulikuwa Igoma kufuata mzigo, lori lililojaa watu na magunia likapinduka mbele yetu. Miaka hiyo kila mwenye lori alijifanya mwenye basi. Wilhelmina akatoa vitambaa vyake mkobani, akaanza kazi. Waliopiga kelele aliwapita, akainama kwa walionyamaza, kama alivyofundishwa. Nilimwonea fahari, nisiseme uongo.

Akamfikia Mzee Shimba, jirani yetu wa Buswelu, amekaa kando ya barabara, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamtiririka. Akapiga goti, akamshika mkono.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Unaumia wapi?"

"Mimi mzima. Nenda kwa akina mama na watoto."

Alitaka kumfungua koti, niliuona mkono ukinyooka. Ukarudi. Mzee ameshasema ni mzima, binti aliyelelewa kwetu atambishia vipi, tena amvue koti mbele za watu? Akamfunga kitambaa cha kijani. Gari lililosimama kusaidia likaondoka na wenye vyekundu. Liliporudi, Mzee Shimba alikuwa ameegemea gunia, amekufa. Kumbe damu ilikuwa inavujia tumboni.

"Nilijua," Wilhelmina aliniambia jioni ile, na kesho yake akarudia. "Mkono wake ulikuwa wa baridi, mama mdogo. Nilijua, nikaona aibu." Chakula kikamshinda. Nikamwambia ni mipango ya Mungu, akanitazama mpaka nikajuta kufungua mdomo.

Tulikwenda msibani pamoja. Mjane, Mama Shimba, alikaa kwenye mkeka. Mimi nikamwamkia. Wilhelmina akapiga magoti, akanyamaza. Wanawake wakaanza kuguna kwamba usomi umemharibu, hata shikamoo imemshinda. Nikamfinya begani. Wapi.

"Mjukuu wangu, huniamkii?" Mama Shimba akauliza.

"Bibi, nikikuamkia utaniitikia, kisha utaniambia u mzima. Babu alinijibu hivyohivyo, nami nikamwacha afe."

Miguno ikakatika. Mama Shimba hakumwambia amemsamehe. Alimshika mkono, akauweka kifuani pake, juu ya kitenge.

"Basi shika mwenyewe," akasema. "Mimi si mzima."