Ndoo Tatu za Maji

Juzi pale Malaba, kijana mmoja wa bodaboda alifungua kifuniko cha ubavuni mwa pikipiki yake iliyogoma kuwaka, na maji yakamwagika. "Nani aliosha hii?" akauliza kwa hasira. Nikakumbuka pikipiki ya baba.

Kwetu Mukuju, nilipokuwa mtoto, kila Jumamosi vitu vyote vilioshwa kwa ajili ya kanisa. Jumamosi moja mimi, bila kutumwa, niliiosha pikipiki kuukuu ya baba kwa ndoo tatu na sabuni ya mche, hadi ikang'aa.

Gauni langu lilikuwa bado bichi mdogo wangu Ochwo aliposhikwa na degedege. Mama akamfunga mgongoni, tayari kwa hospitali ya Tororo. Baba akapiga kiki, pikipiki ikakohoa tu. Akafungua plagi, akaikausha juu ya mkaa, ikanuka petroli. Nilidhani anaiadhibu kwa ukaidi. Kisha akafungua kifuniko cha ubavuni, akatazama ndani, halafu akatazama gauni langu. Akafuta maji kwa leso.

"Kuna nini, Baba Athieno?" mama aliuliza, akimwita kwa jina langu.

"Plagi imekufa. Hii pikipiki imezeeka tu."

Hatimaye ikanguruma. Mama alikuwa ameketi chini, Ochwo mapajani. Nilifurahi kwamba kelele zile zote hazikumwamsha mtoto.

Miaka yote, kila aliyeuliza kwa nini Ochwo hakufikishwa hospitali, baba alimjibu kwamba ni plagi. Aliingia kaburini na jibu hilo, nami nililiamini hadi juzi.