Hita Isiyopata Moto

Jumamosi asubuhi, kwa mara ya nne ndani ya wiki tatu, Taratibu aliweka kiganja mbele ya tundu la hewa chini ya dashibodi, akangoja. Injini ilikuwa imeunguruma robo saa nzima. Mshale wa joto ulikuwa umesimama katikati, pale pale unapotakiwa kusimama. Feni ilivuma vizuri. Hewa iliyomgusa kiganja ilikuwa baridi kama ya nje.

"Haiwezekani," aliiambia dashibodi.

Taratibu si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata hospitalini, ambako aliendesha gari la wagonjwa kwa miaka thelathini na mitatu bila kugonga hata kuku. Wenzake walikuwa wakisema mgonjwa akipanda gari lake ana muda wa kutosha kupona njiani. Hakujali. Alikuwa mtu wa kukagua tairi kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, wa kufuta spana kwa kitambaa kabla ya kuirudisha sandukuni, na wa kuandika kwa chaki ukutani kila alichokigusa kwenye gari, pamoja na tarehe. Pikapu yake aliinunua angali kijana, ikiwa mkononi mwa mtu wa pili. Sasa ina zaidi ya miaka arobaini: rangi ya bluu iliyopauka, usukani mwembamba na mpana, na milango inayojifunga kwa kishindo cha kabati la chuma.

Miaka yote ya kazi waliishi bondeni, kwenye joto. Huko hakuna aliyewahi kuuliza kama gari lina hita. Alipostaafu, miaka miwili iliyopita, yeye na mkewe walihamia kwao mke, mlimani, ambako ukungu huingia uani bila kubisha hodi na kukaa mpaka saa nne. Hapo ndipo kile kishikio cha hita kwenye dashibodi, kilichokuwa kikitumiwa kuning'iniza miwani, kilipoanza kuwa na maana.

Mwezi uliopita, asubuhi ya ukungu mzito, Taratibu aliigonga nguzo ya geti la nyumba yake mwenyewe. Taa moja ilipasuka. Alisema kioo cha mbele kilijaa mvuke kwa ndani, hakuona kitu. Binti yake, mfamasia mwenye duka la dawa mtaa wa pili, alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyowasikiliza wateja wanaodai dawa bila cheti.

"Sawa, baba," alisema. "Na wiki ile ile ulipokuja dukani mara mbili kuchukua dawa ile ile ya mama, hilo nalo lilikuwa kioo?"

Wakapatana, au tuseme binti alipanga na baba akanyamaza. Kama ni kioo, basi atengeneze hita, kioo kikauke. Jumamosi ya tatu binti angekuja, waendeshe pamoja kwenye ukungu. Wakishindwa kuona mbele, ufunguo wa pikapu ungeondoka naye.

Kwa hiyo Taratibu hakuwa anatengeneza hita tu. Alikuwa anatafuta ushahidi kwamba lililoharibika liko chini ya boneti, si chini ya kofia yake.

Hita ya gari la zamani haina siri. Maji ya moto yanatoka kwenye injini kwa hozi moja ya mpira, yanapita kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, yanarudi kwenye injini kwa hozi ya pili. Feni inapuliza hewa kwenye ile rejeta ndogo, hewa inapata moto. Vitu vya kuharibika vinahesabika kwa vidole, na Taratibu alivihesabu. Alibadilisha themostati, kile kidhibiti joto cha injini. Alibadilisha hozi zote mbili na klipu zake. Akafumua dashibodi, kazi ya siku mbili na skrubu kumi na tisa, akaitoa rejeta ndogo na kuipeleka kwa fundi rejeta aliye karibu na stendi.

Fundi aliisukumia maji, yakatoka upande wa pili safi kabisa. Kisha akaiinua kwenye mwanga.

"Mzee, hii ina tundu."

"Tundu?"

"La siku nyingi. Tazama kutu yake. Ilikuwa ikimwaga maji ndani ya gari hii, miguu ya abiria inalowa."

"Haijawahi kumwaga hata tone."

Fundi alimtazama, akaitazama rejeta, akaamua kwamba mzee ndiye mwenye gari. Akaliziba tundu kwa risasi ya kulehemu. Taratibu alirudi nyumbani akiwa ameikumbatia ile rejeta na swali jipya. Rejeta yenye tundu imewezaje kukaa miaka na miaka bila kuvuja?

Akairudisha. Skrubu zikatosha, hata moja haikubaki. Akajaza maji, akawasha injini, akapeleka mkono kwenye hozi. Pale inapotoka kwenye injini ilikuwa moto wa kuunguza. Shubiri moja mbele ilikuwa vuguvugu. Shubiri mbili, baridi. Alirudia kwa mkono wa kushoto, kama vile wa kulia ungeweza kumdanganya.

"Mzee Taratibu!" fundi cherehani wa jirani aliita juu ya ua. "Hiyo hita yako nzima kabisa. Ila nadhani umeiunganisha na friji."

"Shona nguo zako."

"Nashona. Nakushonea koti la kuendeshea."

Usingizi hakuupoteza kwa sababu ya hozi hiyo baridi, lakini mchana kutwa ilimzunguka kichwani. Alianza kujishuku. Labda themostati hakuibadilisha, alidhani tu. Alikwenda ukutani: chaki ilisema amebadilisha, tarehe sita. Mwandiko ni wake. Lakini mtu aliyesahau si anaweza pia kuandika jambo ambalo hakulifanya? Alifungua pipa la takataka, akapekua mpaka akaipata themostati ya zamani ndani ya boksi la mpya. Akaishika mkononi muda mrefu. Mkewe, aliyekuwa kibarazani akichambua mchele, alimtazama bila kuuliza.

Na sasa ndiyo Jumamosi yenyewe. Binti aliingia getini kwa miguu, mvuke ukimtoka mdomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado."

"Bado nini?"

"Bado baridi. Kila kitu kipya, na bado baridi. Sielewi." Sauti yake ilishuka aliposema hivyo, na binti, aliyekuja na maneno yake tayari, aliyaweka kando.

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Hozi, injini, rejeta, mzunguko wote, akionyesha kwa ncha ya bisibisi kama mwalimu ubaoni. Binti aliiminya hozi katikati kwa vidole viwili. Ikabonyea mpaka kuta zake zikagusana.

"Hii ina kitu ndani?"

"Ina maji."

"Chupa ya maji ukiiminya haibonyei hivi. Tuichomoe."

"Ngoja injini ipoe. Halafu nitoe maji kwanza."

"Kwa nini utoe maji?"

"Ndivyo inavyofanywa. Unaweka beseni, unafungua koki ya rejeta kubwa, maji yanaisha, ndipo unachomoa hozi. La sivyo yanamwagika ovyo."

"Kila mara unafanya hivyo?"

"Kila mara. Miaka yote."

"Baba, si maji hayo hayo tunayoyatafuta? Acha yamwagike, tuyaone."

Wakanywa chai kibarazani mpaka injini ikapoa. Kisha, kwa shida ya mtu anayelazimishwa kupanda kitandani na viatu, alilegeza klipu akiwa ameacha rejeta kubwa imejaa mpaka shingoni. Binti akaivuta hozi.

Hakikutoka kitu.

Walitazama pale kinywani mwa bomba la chuma lililochomoza kwenye injini, wakasubiri, kama watu wanaomsubiri mtu aliyesema yuko njiani. Hata tone. Taratibu alihisi masikio yanapata moto kuliko hita yake. Mara zote alizochomoa hozi ile alikuta kavu, na mara zote aliona ni sawa iwe kavu, kwa kuwa maji alikuwa ameyatoa mwenyewe dakika tano kabla. Unadhifu wake ndio uliomficha.

Alileta tochi. Ndani ya bomba, ndani zaidi ya urefu wa kidole, palikuwa na kitu cheusi, bapa, kilichokaa kama mwisho wa bomba. Alikizungushia skrubu ndefu, akaikamata kwa koleo, akavuta. Kilitoka kwa mlio wa kizibo, na maji yakaruka hadi kwenye viatu vya binti.

"Sasa yamemwagika," alisema binti.

Bomba la pili lilikuwa na chake. Binti aliviosha vyote viwili kwenye bomba la maji la uani, akavisugua kwa kidole. Vilikuwa vya mpira, vigumu kama jiwe, na juu ya kila kimoja palikuwa na duara ndogo yenye alama ya sindano.

"Hivi ni vizibo vya chupa za dripu," binti alisema polepole. "Zile za kioo, za zamani. Siku hizi havipo." Akainua macho. "Baba, fundi wa mtaani anapata wapi kizibo cha dripu?"

Taratibu alijua anachoulizwa. Gari hili kwa miaka hiyo yote lilikuwa na bwana mmoja, na bwana huyo alishinda kutwa akibeba chupa za dripu. Alivitazama vile vizibo kwa makini. Alitafuta ndani yake siku hiyo, mkono huo, sababu hiyo. Palikuwa patupu.

"Sikuviweka mimi," alisema, kisha akasikia jinsi ilivyosikika. "Sikumbuki kuviweka."

"Uliviweka," mkewe alisema kutoka kibarazani, bila kuacha ungo wake. "Nilikuwa na mimba ya huyu. Tunatoka kliniki, maji ya moto yakanimwagikia miguuni, nikapiga kelele barabara nzima. Ukasimamisha gari. Ukaingia hospitali, ukatoka na kitu mfukoni, ukainama humo kwenye injini. Ukaniambia, 'Hii ya muda tu, mama, wiki ijayo nitaitengeneza vizuri.'"

"Lini hiyo?"

"Mhesabu," alisema, akimwelekezea binti kidevu. "Ana thelathini na mmoja."

Binti alicheka kwanza. Kisha wote wakacheka, na jirani akauliza juu ya ua kama hita imekufa rasmi. Taratibu naye alicheka, ila jicho lake lilibaki kwenye vile vizibo. Mkewe aliukumbuka mchana mzima. Yeye hakukumbuka hata kelele.

Hozi zikarudishwa, maji yakaongezwa, na safari hii rejeta ilikunywa lita mbili zaidi ya siku zote. Ukungu ulikuwa bado umejaa barabarani walipotoka. Mvuke ukapanda kwenye kioo, na Taratibu akasukuma kishikio cha hita. Hewa ya moto ikatoka ikinuka vumbi la miaka thelathini. Kioo kikaanza kusafika kutoka chini, kipande kama cha mwezi mchanga, kikapanda, kikaenea, mpaka barabara yote ikaonekana: mitaro, nguzo za umeme, mwanamke na mwavuli wake.

"Haya," binti alisema. "Kumbe kweli ni kioo. Nisamehe, baba."

Taratibu aliendesha mpaka stendi, akageuza, akarudi. Alipofika getini alisimama, akazima injini. Nguzo iliyopinda ilikuwa mbele yao, kila mkwaruzo wake ukionekana wazi.

"Siku ile nilikuwa nimekifuta," alisema.

"Umefuta nini?"

"Kioo. Kwa kitambaa. Nilikuwa naona. Naiona nguzo kama ninavyoiona sasa." Alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Nilichokuwa sijui ni kama nakwenda ama narudi. Dakika moja tu, haikufika. Kisha nikasikia taa inapasuka."

Hita iliendelea kutweta joto lake la mwisho.

"Na vizibo?" binti aliuliza. "Vile ni vya miaka thelathini na mmoja. Hata mimi ningesahau."

"Ndilo nisilolijua. Kipi ni cha kusahaulika na kipi sicho. Wewe ndiye uliyesoma, niambie."

Hakumwambia, kwa sababu hakujua. Alimwambia kwamba Jumatatu atafunga duka asubuhi, waende wote kwa daktari, naye Taratibu akasema sawa. Kisha akauchomoa ufunguo na kumpa. Binti aliupima mkononi, akashuka, akapanda kibarazani na kuutundika kwenye msumari ulio juu ya kiti cha mama yake.

Uko hapo mpaka leo. Kila asubuhi Taratibu anakwenda kuuomba, na kila asubuhi mkewe anamuuliza swali moja: anakwenda wapi. Akijibu, anapewa, na mke anachukua mtandio wake na kwenda naye, kwa sababu kwenye gari sasa kuna joto kuliko ndani ya nyumba. Kuna siku mbili amesimama pale, akafikiri, akasema hajui. Siku hizo walikaa wakanywa chai.

Ukutani, chini ya tarehe ya themostati, ameandika kwa chaki: vizibo viwili, vimetolewa. Nafasi ya tarehe ya kuwekwa ameiacha wazi. Vyenyewe viko kwenye ukingo wa dirisha, na mara kwa mara huvichukua, akavigeuzageuza, akavinusa, kisha akavirudisha.