Hanifa na nyayo za marehemu ndani ya kompyuta

Saa moja kasoro robo asubuhi, ukungu wa Uyole bado umelala barabarani na malori yanapita yakiwa yamewasha taa. Hanifa Yunusu anafungua kufuli la ofisi, anavuta kiti, anawasha kompyuta na kujitanda kanga ya pili mabegani. Chai yake imo ndani ya chupa. Hainywi kwanza. Anasoma kwanza.

Kwenye kioo yanashuka majina. Nani ameingia, saa ngapi, kwa simu ipi, amefungua faili gani, amebadili nini, amefuta nini. Kidole chake kinateremka polepole mpaka kwenye mstari mmoja, kinasimama.

Filemoni Kaduma. Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Faili: sauti ya zamu ya maji. Imekataliwa.

"Shikamoo, mzee," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepishana na mkubwa wake njiani. "Unisamehe. Ni mimi niliyekufungia."

Mzee Filemoni alizikwa Rujewa mwezi Machi mwaka huu. Sasa ni Julai. Mfereji umefungwa tangu mavuno, na hakuna zamu ya maji ya kumpa mtu yeyote.

Hanifa, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ni mtunza kumbukumbu wa Ushirika wa Mfereji Mpya, wenye wakulima wa mpunga mia nne na kumi na wawili katika bonde la Usangu. Zamani orodha za ploti na zamu za maji zilikaa kwenye majalada ya karatasi. Panya walikula nusu, masika moja ikamalizia iliyobaki. Miaka mitatu iliyopita ushirika ukahamishia kila kitu kwenye ghala la mafaili mtandaoni, ambako kila kiongozi huingia kwa simu yake, kwa jina lake na neno lake la siri.

Ghala hilo lina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Kila anayeingia huandikwa, atake asitake. Hanifa huiita orodha hiyo daftari la nyayo, na kuisoma kila asubuhi ndiyo kazi yake.

"Mtu anaweza kukutazama machoni akakudanganya," anasema. "Nyayo hazina macho. Zinasema alipopita, basi."

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Babu yake alitoka Kilwa na mtumba wa nguo akafia Mbeya mjini, na Hanifa mwenyewe aliishia darasa la saba. Kwa miaka kumi alikaa mlangoni mwa mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, akiandika majina ya wenye magunia. Mumewe alipopata kazi Iringa alimfuata, na huko akajiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, akasoma miaka miwili mfululizo.

"Nilikaa dawati moja na watoto wa rafiki zangu. Walikuwa wananiita Bibi Kompyuta. Matokeo yalipotoka, wakaanza kuniita dada."

Leo analipwa shilingi laki mbili na themanini kwa mwezi. Anasema hazitoshi, ila hajawahi kuchoka kusoma. Siku aliyotamani angekuwa hajui kusoma ni moja tu, asubuhi ya pili baada ya mazishi ya Mzee Filemoni.

Mzee huyo alikuwa mgawa maji. Kwa miaka ishirini na sita alifungua na kufunga milango ya mfereji, na kila alfajiri, saa kumi na moja na dakika ishirini, alisimama kwenye banio, penye mlango mkuu wa maji ya mfereji, akiwa na simu yake ya kupangusa. Kwa kuwa wakulima wengine hawasomi, alikuwa amerekodi zamu kwa sauti yake, kwa Kiswahili na kwa Kisangu, akaiweka ghalani. Alikuwa akiifungua pale banioni na watu wakasikia nani anapata, nani anangoja.

Ushirika una desturi yake. Jina la mwanachama aliyefariki halifutwi mpaka arobaini ipite na mrithi atajwe mbele ya mkutano. "Ukimfuta mapema, ni kama kumfukuza mtu kwenye msiba wake mwenyewe," anaeleza mwenyekiti, Joachim Mgaya. Kwa hiyo jina la Mzee Filemoni lilibaki wazi, na neno lake la siri likabaki linafanya kazi.

Asubuhi ile ya pili, Hanifa aliliona jina hilo kwenye daftari. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Sauti ya zamu ya maji, imefunguliwa, imesikilizwa mpaka mwisho. Kesho yake tena. Keshokutwa tena, dakika ileile.

Alimwambia mwenyekiti, naye akacheka. "Dada Hanifa, huko aliko hakuna bando!" Siku iliyofuata Joachim alikuja Uyole kusoma mwenyewe, akasoma mara mbili, akaondoka bila kuaga. Wiki haikwisha, habari zikawa zimefika bondeni. Wakulima wakawa wanakwenda banioni wawili wawili, na kabla ya kugusa mlango wa maji wanakohoa kwanza, kama wanaobisha hodi.

Kisha, siku ya thelathini na sita, marehemu akafanya jambo jipya.

Tarehe tisa Aprili, mchana, jina lake lilifungua orodha ya ploti. Kwenye ploti namba 114, ekari tatu, palipoandikwa mrithi ni Esta, mkewe, sasa paliandikwa Obeid, mdogo wake na mjumbe wa kamati ya ushirika. Mpunga wa ploti ile ulikuwa umeanza kugeuka njano. Esta ndiye aliyeupanda, akaupalilia na kuwinga ndege, na mkutano ulikuwa umebakiza siku nne. Jina litakalosomwa pale ndilo litakalovuna.

"Ningeweza kurudisha jina la mama kwa kubofya mara moja," anasema Hanifa. "Lakini wangesema nimempinga marehemu. Na mwenye funguo za ghala ni mimi peke yangu. Kazi ningepoteza, na mama angepoteza shamba vilevile."

Hakubofya. Alichapa kurasa za daftari la nyayo, akazitia kwenye mfuko na kupanda basi la Rujewa.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la mpunga la ushirika. Orodha iliposomwa, Esta aliinamisha kichwa. Baadhi ya wanawake wakaguna. Obeid Kaduma akasimama.

"Mbona mnaguna? Si ninyi mnaosema kaka anaingia kila alfajiri? Mmeamini anasikiliza zamu, sasa ameandika mnakataa maandishi yake? Mnachambua neno la marehemu kama mchele?"

Mzee mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Wafu hawaandiki ovyo." Joachim akajifuta jasho. "Ndugu wajumbe," akasema, "kama ni yeye, sisi ni nani?" Akaishika kalamu ili atie sahihi.

Hanifa anakumbuka kwamba miguu yake ilisimama kabla yake.

"Mwenyekiti, subiri. Kaka Obeid, tarehe tisa, saa nane na dakika nne mchana, uliingia kwa jina lako, kwa simu hiyo iliyo mfukoni mwako. Saa nane na dakika kumi na sita, simu hiyohiyo ikaingia kwa jina la kaka yako, ikabadilisha mrithi. Simu ya marehemu haikuguswa mchana huo. Sasa tuambie, kaka yako alikuazima mkono, au wewe ulimwazima simu?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Karatasi zikapita mkono hadi mkono. Obeid aliketi juu ya gunia.

"Aliniambia neno lake la siri akiwa kitandani, nimsomee zamu," alisema. "Nikadhani amenipa na shamba."

Joachim alifuta, akasoma upya: Esta Kaduma. Ekari tatu. Makofi yakapigwa, ila hayakudumu, kwa maana kila mtu alikuwa na swali jingine ambalo hakuthubutu kuliuliza. Ya mchana yamejulikana. Na ya alfajiri je?

Hanifa alimsindikiza Esta nyumbani. Mama huyo alivua ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni, akafungua sanduku la bati na kutoa simu iliyofungwa kwenye kitenge.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Sijui kusoma. Naminya hapa kidole chake kilipolainisha kioo. Namsikia akigawa maji, halafu naamka kwenda shamba."

"Kila alfajiri, mama?"

"Kila alfajiri. Isipokuwa siku mbili nilipokwenda Iringa kumwona dada yangu hospitali. Simu niliiacha humu sandukuni. Kwetu kitu cha marehemu hakivushwi mto kabla ya arobaini. Ufunguo nilienda nao."

Hanifa alikuwa na karatasi zake mkononi. Tarehe ishirini na moja na ishirini na mbili Machi. Aliteremsha kidole, akazikuta. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Hakuna alfajiri iliyorukwa.

"Nilizikunja karatasi," anasema. "Nikamwomba maji ya kunywa."

Siku ya arobaini na moja alilifunga jina la Mzee Filemoni, kama desturi inavyotaka. Sauti ya zamu aliihamishia kwenye simu mpya ya Esta, ambaye alivuna mpunga wake mwezi Mei. Simu ya zamani Esta alimkabidhi Hanifa aitunze. Hanifa anafungua droo na kuionyesha. Laini ilishatolewa, na haijachajiwa tangu Aprili. Kioo chake ni cheusi, na katikati pana doa laini, ukubwa wa kidole gumba.

Joachim husema mitambo ina mambo yake, huenda jina liliwahi kufunguliwa kwenye simu nyingine iliyosahauliwa mahali. Hanifa amepekua daftari lote. Hajaiona simu hiyo; kila alfajiri imeandikwa simu ileile iliyomo drooni.

Mpango wake ni kuwafundisha makarani sita wa vyama vingine vya wakulima, wa Madibira na wa Iringa, kusoma nyayo kama yeye. Na kwenye mkutano wa Novemba ataomba desturi ibadilishwe, jina la marehemu lifungwe siku ya mazishi, ili aliye hai asije akalivaa.

Na Mzee Filemoni?

Hanifa anatazama kioo. Nje ukungu umeanza kuinuka, na lori moja limezima taa.

"Nitaomba apewe chumba kimoja ghalani," anasema. "Kisicho na orodha wala ploti, ila sauti yake tu. Afungue, asikilize, aende zake. Mtu aliyewafungulia watu maji miaka ishirini na sita, haifai kila asubuhi nimkute mlangoni ameandikiwa imekataliwa."