Maktaba Iliyosemwa Haipo

Kompyuta yetu pale Gungu ilikuwa kuukuu, na mimi sina subira. Kila nilipokompaili programu ya ripoti za shule ili mashine iweze kuiendesha, ilifika mwishoni ikagoma: eti maktaba, yaani faili inalolitegemea, haipo. Haipo vipi, nami nimeiweka kwa mkono wangu? Nikaiweka upya mara tatu, huku naitukana mashine.

Mwenzangu, mkimbizi kutoka Burundi, akacheka. "Kambini waliniambia jina langu halipo. Sikubishana, bwana. Niliuliza wametazama orodha ipi."

Tukaangalia mashine inatafuta kwenye folda zipi. Folda yetu haikuwamo! Tukaiongeza, programu ikakubali, tukagongeana viganja.

"Na jina lako?" nikamuuliza.

"Lilikuwepo," akasema, bado anacheka. "Kwenye orodha ya waliokwisharudi kwao."