Magoti ya Joanitha

Uchovu wa Joanitha haukuwa ule wa kulima, ukalala, ukaamka mzima. Tangu amzike dada yake, alikuwa akitoka kitandani na kurudi kitandani, cherehani imefunikwa, wateja wake wa Rwamishenye wakija kuchukua vitambaa vyao na kuondoka. Mumewe, Kahangwa, ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari akasema ni sonona, akamwandikia vidonge vya kumeza kila usiku.

Na vilimsaidia, tusidanganyane. Mwanzoni aliambulia mdomo mkavu, choo kigumu na usingizi wa mchana, unafuu hauonekani. Halafu siku moja akajikuta anagombana na mteja kuhusu kola ya shati, na Kahangwa akacheka kwa furaha, maana mkewe alikuwa amerudi. Kilichobaki ni kizunguzungu. Akiinuka haraka, macho yanaingia giza.

Sasa niambie, mke wa Mhaya mwenye kizunguzungu cha namna hiyo atasalimia wakwe vipi? Kule Ijumbi, Muleba, kwao Kahangwa, salamu ni magoti. Unapiga magoti, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za majirani wote, unaitikia kwa heshima, waitu, waitu, halafu unainuka kwa wepesi kama mtu aliyelelewa. Joanitha aliinuka akaangukia kisonzo, kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni zikatawanyika sakafuni. Mama mkwe wake, Kokushubila, akamsogelea na kumnusa mdomo mbele ya wageni. Alimnusa, jamani!

"Mkeo anakunywa," akamwambia Kahangwa.

Joanitha hakujitetea. Kutamka kwamba anameza dawa za sonona kulimshinda. Akabuni ujanja wake: safari ya Ijumbi ikikaribia, anaacha vidonge siku kadhaa ili asianguke. Mara ya kwanza alisalimia vizuri, akarudi nyumbani na kichefuchefu, hasira na macho makavu usiku kucha. Mara ya pili alirudi akalala ameelekea ukutani, hali chakula, haongei. Kahangwa aliogopa kweli, akamrudisha kliniki.

"Nani alikuruhusu kuacha?" aliuliza nesi Evodia.

"Wakwe."

"Kumbe siku hizi wakwe ndio madaktari?" Lakini alipomwona analia, akashusha sauti. Akampima presha amekaa, akampima tena amesimama, akamwita daktari, naye akarekebisha dozi. "Dawa hii haiachwi ghafla, mama. Ikikusumbua, njoo useme. Tukitaka kuipunguza tutaipunguza pamoja, kidogo kidogo. Kunywa maji, pombe usiguse. Na ukiinuka, kaa kwanza, shika kitu imara, ndipo usimame."

"Mbele ya mama mkwe?"

"Hasa mbele yake."

Walipokwenda tena Ijumbi, Joanitha alikuwa amemeza dawa yake kila usiku bila kuruka. Alimkuta Kokushubila jikoni na rundo la ndizi za kumenya. Akapiga magoti, akajibu salamu zote. Kisha akashika mguu wa meza na kubaki palepale chini, akivuta pumzi.

"Unangoja nini?" Kokushubila akauliza. "Au leo umekunywa zaidi?"

"Sinywi, mama. Nina sonona. Nameza dawa, na dawa inanipa kizunguzungu nikiinuka haraka."

Kokushubila akaweka kisu chini. "Bora ingekuwa pombe," akasema. "Pombe mtu huiacha."

Iliuma. Joanitha alihisi machozi yanapanda, na alikuwa amechoka mno kuyazuia.

"Dawa nimeiacha mara mbili, mama, ili nije kukupigia magoti vizuri. Mara ya pili nilitaka kumfuata dada yangu kaburini, hata Kahangwa sikumwambia. Siachi tena. Ukiniona sina adabu, basi nione hivyo."

Kokushubila akaangalia mlangoni, kana kwamba kuna mtu anapita. Hakukuwa na mtu. Joanitha akaanza kujiinua polepole, mkono mezani.

"Kaa," mama mkwe akasema.

Akamsukumia kigoda. Kisha akamwekea kisu na fungu la ndizi miguuni.

"Kaa hapo umenye. Na usiinukeinuke ovyo, nitakuletea maji."