Jina Lililochongwa kwenye Bunduki ya Babu

Leo nimetamani ardhi ya Pangani inimeze.

Nilimpeleka baba kwa Bi Mwanaidi kuuliza historia ya bunduki ya marisau aliyotuachia babu. Jina lililochongwa kitakoni ni la baba yake huyo bibi.

Bibi akalipapasa lile jina, akalia.

"Babu yako aliiazima akawinde nguruwe. Marehemu baba alipoifuata, akaambiwa imeibiwa."

"Nani alimwambia?"

Akamnyooshea kidole baba. "Huyu."

Nikasubiri akane, wallahi.

Baba akamnyang'anya bunduki. "Basi kamfukue huyo baba yako, nimkabidhi mwenyewe."

Akatoka.

Bibi akanigeukia mimi. Jamani, kwa kuchanganyikiwa nikamwamkia tena, "Shikamoo," nikamfuata baba garini.

Nitukaneni tu.